Vyuma vya Naserian Vilivyopigwa Mnada

Siku ya kuniaga nilipostaafu, vijana wangu wa karakana, mlinipa kitenge, keki na maneno matamu kupita kiasi. Mtu akikupa keki ya ukubwa ule lazima kuna analolitaka, kwa hiyo nikakaa nasubiri. Kweli bwana, Happy mwenzenu akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Mama Fundi, tuandikie japo kurasa chache, usiende na ujuzi wote kichwani." Nikasema moyoni, nilijua tu.

Haya, naandika. Niko nyumbani Moshono, nikiamka mikono inatafuta nyundo, na kuku wangu hakuna hata mmoja anayechechemea nikamtazame. Habari za vyeo nitaziruka. Namna vilivyogawiwa mnajua wenyewe. Mshahara nao mnaujua, tusiharibiane siku. Nitawaandikia namna nilivyojifunza kutengeneza miguu ya bandia, magongo na vyuma vya miguuni, na namna nilivyojifunza kushuku. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi moja.

Nilipoingia karakana mara ya kwanza nilikuwa msichana wa Machame, nimetoka chuoni na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Fundi mkuu alikuwa Mzee Anaeli, Mmeru mfupi mwenye vidole vinene na sauti ya chini. Akanitazama, akalitazama koti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo koti ni la harusi?"

"La kazi, mzee."

"Hapa kuna plasta, gundi na vumbi la mbao. Likunje ulirudishe kwa mama yako."

Nilidhani atanipa nyundo, au angalau utepe wa kupimia. Akanipa gunia la viatu vichakavu vya wagonjwa, akasema nimwambie wenyewe wanatembeaje. Akaenda kunywa chai. Nilikaa na lile gunia asubuhi nzima, nikageuza soli moja moja, nikaona kilichoisha kisigino upande wa nje, kilichotoboka kidoleni, na jozi ambayo cha kulia kimekwisha na cha kushoto ni kama kimetoka dukani jana. Aliporudi nikamweleza, kwa kujiamini kabisa, na karibu vyote nikakosea. Hakunigombeza. Alichukua kimoja kimoja akanionyesha, halafu akasema maneno ambayo yamenilisha miaka yote hii.

"Binti, mgonjwa atakuambia mguu hauumi kwa sababu amechoka kuja huku. Mwingine atakuambia unauma kwa sababu anataka apewe ruhusa kazini. Mama yake atakuambia vyuma anavaa kila siku. Wewe wasikilize wote, waitikie, uwape na kiti. Halafu geuza kiatu."

Ndiyo elimu yangu. Mengine yote, kuyeyusha plastiki kwenye oveni bila kuiunguza, kupiga ribiti ya kushikiza mkanda isichubue ngozi, kuchonga plasta mpaka kisiki cha mguu uliokatwa kikae ndani bila kuumia, hayo utajifunza ukiwa na mikono. Kushuku kunataka roho ngumu.

Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji, Mwarusha wa upande wa magharibi mwa Mlima Meru, mguu wake wa bandia kila mwaka unarudi umevunjika kifundoni. Kila mwaka anasema ameanguka. Nikageuza kiatu: soli mpya, hata alama ya kiwanda inasomeka. Nikamuuliza, mzee wangu, unaangukaje na mguu usiotembea? Akacheka mpaka akapiga meza. Kumbe mguu ni wa Jumapili tu. Siku nyingine anatembelea fimbo, na mguu anauegesha kwenye lango la zizi kuzuia ndama, na ndama ndio wanaouvunja. "Ni mguu wa kanisani huo," akaniambia, "nitaendaje nao kwenye mavi ya ng'ombe?" Nikamtengenezea mwingine, na kipande cha mbao cha kuzuia ndama nikampa pia.

Msije mkadhani mimi ni mtu asiye na Mungu. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, kwaya naimba, ibada ya kwanza hainipiti. Ila sijawahi kumdai Mungu anionyeshe kitu ndipo nimwamini. Mgonjwa akiingia karakana akasema, "Nifanyie mguu sasa hivi nione kama kweli wewe ni fundi," ningemwambia aende zake. Sasa mimi nani nikamwambie Mungu hivyo? Mume wangu aliugua, nikaomba, tukaomba nyumba nzima, akafa. Jumapili ile ile baada ya mazishi nikaenda kanisani nikasimama mahali pangu pa sauti ya pili. Watu walidhani nina moyo wa jiwe. Nilikuwa nimeumia, jamani, nilikuwa nimeumia sana. Lakini kanisani sikuwahi kwenda kwa sababu ya kupewa, na sikuona kwa nini niache kwa sababu ya kunyimwa.

Basi twende kwa Naserian.

Alikuja akiwa bado mchumba. Binti wa Kiarusha, mrefu, anashona sare za shule Sombetini, polio ilimpitia utotoni ikamwachia mguu wa kushoto mwembamba usio na nguvu. Alitembea kama wanavyotembea wengi wa namna yake: kila hatua anainama na kulikandamiza paja kwa mkono wa kushoto ili goti lisimtoroke. Alikuja na mchumba wake, Elibariki, fundi mwashi, kijana mpole mwenye saruji kwenye kucha. Na nyuma yao akaingia mama yake Elibariki, mwanamke wa Nkoaranga, kitenge kimefungwa barabara, mkoba mapajani, mdomo umefungwa kuliko mkoba. Nikamwamkia, akaitikia, akanyamaza. Alikaa kwenye benchi akitazama mguu wa mkwe wake mtarajiwa bila kupepesa.

Nilipima, nikachonga, wiki kadhaa zikapita, wakarudi siku ya kujaribu. Vyuma vyenyewe mnavijua: vipande viwili vya chuma pande zote za mguu, mikanda ya ngozi pajani na chini ya goti, na kwenye goti kitasa kinachofunga mguu ukinyooka na kufunguka ukitaka kukaa. Nilipovitoa mezani, yule mama akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Hivi vinalia akitembea?"

"Vinalia kidogo, mama. Mwanzoni."

"Mmh."

Ile "mmh" naijua. Nimeisikia kwa akina mama wakwe wengi. Ni mmh ya mtu anayewaza majirani watasema nini bibi harusi akiingia uani anagonga kama mlango wa geti. Mkwe wa kabila jingine, na mguu wenyewe ndio huo. Nikaiweka moyoni.

Naserian akavaa, akafunga kitasa, akasimama. Mkono wake wa kushoto ukaenda pajani kwa mazoea, ukakuta hauna kazi. Akautazama. Akaunyoosha, akaukunja, akaanza kucheka. "Mama Fundi," akasema, "nipe kitu nibebe." Nikampa ndoo ya plasta. Akazunguka nayo karakana nzima, huku mkono, huku mkono, anacheka na machozi yanamtoka, na Elibariki amesimama mlangoni anajifanya anaangalia mvua. Nilikuwa na miaka mingi kazini, lakini siku ile ilibidi nigeuke nitafute msasa ambao sikuuhitaji.

Wakaoana. Akawa anakuja kubadilisha mkanda, kukaza ribiti, na kila akija nageuza kiatu. Kisigino kinaisha vizuri, katikati, sawasawa. Alikuwa anatembea kweli. Kisha akaacha kuja.

Nikaona kimya kimezidi. Siku moja mwanakwaya mwenzangu anayeishi Sombetini akaniambia, uso umemng'aa, "Mama Fundi, mtu wako yule mshona sare ameponywa! Ametupa vyuma jukwaani, ametembea mbele ya watu wote." Kulikuwa na mkutano wa injili kule, hema kubwa, spika zinatikisa mabati, na nabii aliyetoka mbali. Nikamwambia, nipeleke. Akafurahi, akadhani nakwenda kuokoka.

Nilifika jioni jua bado lipo. Pembeni ya jukwaa walikuwa wamepanga magongo, ushahidi wa waliopona. Watu wanayapiga picha. Mimi nikainama nikaanza kugeuza gongo moja moja nitazame mpira wa chini. Kijana mmoja mwenye suti na kitambulisho kifuani akanijia.

"Mama, unatafuta nini?"

"Naangalia mipira."

"Mipira gani?"

"Ya magongo, mwanangu. Haya hapa hayajawahi kugusa barabara. Yametembea wapi?"

"Mama, hayo yamekombolewa."

"Kutoka dukani?"

Akaniomba kwa upole nirudi kwenye kiti. Sisemi mengi. Nasema tu niliyoyaona: mengi yalikuwa mapya kabisa. Na nasema pia kwamba jozi moja ilikuwa ya kwetu, mipira imeliwa mpaka mbao, na mwenyewe nilimjua. Huyo alirudi karakana baadaye, mjukuu wake amembeba mgongoni, anaona haya kunitazama. Hakuna aliyemlaumu. Nilimpa magongo mengine, nikampa na chai.

Kesho yake nikaenda kwa Naserian. Aliufungua mlango mwenyewe, amesimama wima, anatabasamu, tumbo limeanza kuonekana. Na mkono wa kushoto uko pajani.

"Shikamoo Mama Fundi! Bwana asifiwe."

"Marahaba. Milele. Kiatu chako kiko wapi?"

Tabasamu likapungua. Akanionyesha. Ncha ya kiatu imekwaruzika mpaka imetoboka, kisigino hakijaguswa. Nikamketisha, nikashika goti. Lilikuwa limeanza kurudi nyuma, kule ambako goti halikuumbwa kwenda. Nikabonyeza nyuma ya goti, akajikaza kisabuni, lakini jicho lilimponza.

"Naserian," nikamwambia, "nisikilize. Goti hili ukiendelea kulitembeza hivi litalegea kabisa. Likifika huko, hata nikufulie vyuma vya dhahabu havitashika. Utakaa kwenye kiti, na huyo mtoto atabebwa na watu wengine. Njoo karakana nikupime, tutengeneze vingine."

"Siji."

Nilishuku amepewa kitu. Nilimtazama usoni kama ninavyotazama soli, nikamwambia waziwazi, "Walikulipa?" Akaumia. Niliona alivyoumia, nikajua hakulipwa.

Akanisimulia. Alipanda jukwaani na vyuma. Watu wanaimba, nabii akamwambia avue, akavua. Akatembea, hatua zake mwenyewe, mkono pajani, umati unapiga kelele mpaka hakusikia chochote. "Nilitembea, Mama Fundi. Sikumdanganya mtu." Hilo nililiamini. Kabla hajaja kwangu mara ya kwanza alikuwa anatembea vivyo hivyo. Ila hakuna aliyekuwa anampigia makofi.

Wale wa hemani wakamwambia avichukue vyuma avipeleke kanisani kwao, viwe sadaka ya shukrani, ili na huko wajue. Naye akapanda navyo hadi usharika wa kina mume wake, Nkoaranga. Sasa ninyi wa mjini mnajua, makanisa ya mlimani asiye na fedha anatoa alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo. Ibada ikiisha, vitu vyote vinatolewa nje vinapigwa mnada, fedha inaingia kanisani. Mzee wa kanisa akavikuta vyuma kati ya ndizi na kuku. Akazunguka navyo, hajui afanye nini. Lakini sadaka ikishapita madhabahuni hairudi, ndio utaratibu. Akavinyanyua juu, akaanza kuita bei.

Jamani! Kazi ya mikono yangu, niliyoipimia mtu mmoja duniani, inapigwa mnada kati ya jogoo na mkungu wa ndizi.

"Nani alinunua?" nikauliza.

"Kulikuwa na baba mmoja wa vyuma chakavu, anataka kuvikata. Mama Elibariki akapandisha. Yule akapandisha, mama akapandisha tena mpaka watu wakaanza kucheka. Akavichukua, akaviweka kifuani hivi, akaondoka." Naserian akafuta macho. "Alifurahi mno kuona nimepona. Sasa nikivaa vingine nimwambie nini? Kwamba imani yangu ilikuwa ndogo? Kwamba Mungu ametoa akanyang'anya? Nikivaa vyuma, Mama Fundi, nimemwita Mungu mwongo mbele ya ukoo mzima."

"Mungu hakukuahidi mguu. Aliyekuahidi alikuwa na kipaza sauti."

Akanitazama kwa hasira. Ni binti mpole, lakini siku ile aliniweza. "Wewe unashuku kila kitu. Na Mungu naye unamgeuza uone soli yake?"

Nikachukua mkoba nikatoka, na njia nzima nilikuwa najibizana naye peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini usiku wa kuwaza ulipokwisha, hasira yangu ilihamia kwa mtu mwingine. Yule mama mkwe. Nikajumlisha moja na moja: alikuja karakana hakusema neno, akauliza kama vyuma vinalia, akasema mmh, na siku ya mnada akavinunua kwa nguvu zote. Kwa nini? Ili visirudi tena mguuni kwa mkwe wake. Kavizika shambani, kavitupa chooni, kafurahi aibu imeondoka. Na binti wa watu anaharibika goti kwa ajili ya kumpendeza. Nikasema, huyu mama lazima nimwone uso kwa uso.

Jumamosi nikapanda Nkoaranga. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza kama sabuni, na mimi na viatu vyangu vya mjini nikawa nashikilia mibuni ya watu. Nilimkuta kwenye mfereji unaoleta maji shambani kwake, kitenge amekikunja magotini, jembe mkononi, tope limefika nusu ya miguu. Anazibua maji yaliyozibwa na majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Fundi. Umefuata vyuma."

Sijasema kitu! Nikamshuku zaidi. Mtu asiye na hatia angeuliza kwanza habari za nyumbani.

"Nimefuata kujua umevifanya nini," nikamwambia.

"Ngoja maji yapite."

Nikangoja, nimesimama kwenye tope. Alizibua taratibu mpaka maji yakaenda kwenye migomba, akaosha miguu, akaosha jembe, ndipo akaniongoza ndani. Akainama chini ya kitanda akavuta furushi lililofungwa kwenye kanga. Akalifungua kitandani.

Vyuma vilikuwa vinang'aa. Mikanda ya ngozi imepakwa mafuta, na ndani yake kasokomeza vitambaa ili isipoteze umbo. Nikashika kitasa, nikakifungua, nikakifunga. Hakikutoa hata sauti. Mimi fundi mwenyewe sijawahi kuvitunza vizuri namna ile.

"Nilikuuliza kama vinalia," akasema. "Ukasema vinalia. Nikajua vinataka mafuta."

Nikakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Kwa nini ulivinunua?"

"Yule bwana angevikata."

"Na kwa nini hukumrudishia? Goti la binti linaharibika, mama. Nimelishika kwa mikono yangu!"

Alikuwa anakunja kanga, anaikunjua. "Alikuja hapa anaimba. Anazunguka nyumba, anamkumbatia kila mtu. Mimi namwona mkono uko pajani, kama zamani. Sasa ni mimi nimwambie hujapona? Mimi mama mkwe? Si atasema huyu hakunitaka tangu mwanzo? Nikanunua, nikasema siku atakayovihitaji atavikuta. Nikasubiri aje aniombe."

"Yeye haji kwa sababu anaogopa kukuaibisha. Anadhani ulivinunua kwa kuufurahia muujiza wake."

Yule mama akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake ukilegea. "Yesu wangu," akasema polepole. "Muda wote huu?"

Bado nilikuwa na swali. Mimi nikishaanza siachi. "Kwa hiyo wewe hukuamini?"

"Kuamini nini?"

"Uponyaji."

"Mimi namwamini Mungu," akasema, kama mtu anayemjibu mtoto. "Mvua ikikataa naomba mvua. Nilimzika baba yake Elibariki nikaendelea kuomba. Na mfereji ninachimba, si umenikuta? Hakuna mchungaji aliyewahi kuniambia jembe linamkana Mungu." Akafunga furushi. "Subiri nibadilishe nguo. Tunateremka wote."

Vijana wangu, nawaandikia hili mlijue: kushuku kwangu kulikuwa sahihi kuhusu magongo ya hemani, na kuhusu goti. Kuhusu mama huyu niligeuza kiatu kisicho chake. Msiache kushuku kwa sababu hiyo. Ila mkishamaliza kushuku, ulizeni.

Tulifika Sombetini mchana, jua kali. Naserian alikuwa kwenye cherehani, mashati meupe yamejaa mapajani. Alipomwona mama mkwe mlangoni akajiinua kumwamkia, goti likarudi nyuma, akadaka meza ya cherehani asianguke. Uso ukamgeuka rangi kwa maumivu, na bado akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Akakaa. Akaliona furushi. Alipotambua ni nini, akaanza kutikisa kichwa. "Hapana mama. Mimi nimepona. Mama Fundi amekuambia nini? Mama, mimi nimepona!"

Yule mama hakubishana naye. Alikunja kitenge chake akapiga magoti sakafuni, mbele ya mkwe wake. Mnaotoka mlimani mnajua hilo ni jambo gani. Mkwe ndiye anayepiga magoti akimpa mama maji. Sijawahi kuona kinyume chake, si Machame, si Meru, si kwa Waarusha.

"Mama, inuka!" Naserian karibu alie. "Mama, si vizuri, inuka, watu watanionaje?"

"Nyamaza unyooshe mguu. Mama Fundi, unaanza mkanda wa juu au wa chini?"

"Wa juu," nikasema. Nikapiga magoti na mimi, nikashika kisigino kikae sawa. Vilikuwa vimembana kidogo pajani, nikasema Jumatatu aje karakana nimlegezee, naye mguu hakuuvuta.

Mama akafunga mkanda wa mwisho. Kitasa akakiacha wazi. Naserian alikuwa analia kimya kimya, machozi yanadondoka kwenye mashati ya watoto wa watu.

"Kwa hiyo, mama," akasema, "Mungu hakunisikia?"

"Sijui wewe ulimwomba nini."

"Mguu. Nilimwomba mguu."

"Mimi sikumwomba mguu," mama akasema, bado yuko chini, mkono wake juu ya goti lile. "Tangu nimekujua nimemwomba kitu kimoja tu. Usianguke. Na sasa una mtoto tumboni. Kila asubuhi, kabla sijashika jembe, namwambia, yule binti asianguke. Basi, hilo tu."

Naserian akajifuta uso kwa kipande cha shati alilokuwa anashona.

"Sijaanguka, mama," akasema.

Akaunyoosha mguu, akasukuma kitasa mwenyewe mpaka kikaingia, akasimama.